Mlango Uliotaka Kuolewa na Sudi

Usiku wa kuamkia leo niliota Sudi anaozeshwa mlango.

Haukuwa mlango wowote tu. Ulikuwa ule wa zahanati ya meno ya mtaa wa pili, ambao niliufungia kitasa cha umeme kwa mikono yangu mwenyewe na ambao, wiki nzima sasa, unanitia aibu. Ukibonyeza swichi, kitasa kinalia "tak", na mlango unabaki palepale, umenuna. Wagonjwa wanaingilia dirishani huku wameshika mashavu. Nimebadilisha skrubu, nimepaka grisi, nimeomba dua. Hola.

Sudi naye si Sudi yeyote tu. Ni mwoka mikate wa bekari ya sokoni. Ametuma washenga kwa Mjomba Mgaza kuniposa mimi, Mwanakombo, na kila asubuhi ananipigia simu kuuliza kama nimeshaamua. Nampenda. Sijamwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Kila nikitaka kufungua mdomo niseme ndiyo, nakuta ameshauliza tena.

Basi katika ndoto mlango ulikuwa umesimama peke yake kwenye jukwaa la stesheni ya reli, na fremu yake, bila ukuta. Upande huu nilikuwa mimi na boksi la vifaa. Upande wa pili alikuwa Sudi, na nyuma yake daktari wa meno na wagonjwa wake wote wakipiga matarumbeta. Hakuna aliyefikiria kuzunguka pembeni. Mimi pia sikufikiria.

Mjomba Mgaza alikuwa ameketi juu ya mzani wa mizigo, na kanzu yake ya sikukuu.

"Mwanangu," akaniambia, "mlango ukifunguka kabla ya adhana ya adhuhuri, Sudi ni wako. Usipofunguka, anauoa mlango. Mahari imeshapokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na mlango."

Nikautazama. Kweli, bawaba zake zilikuwa zimepakwa hina.

"Usinichukie, mwenzangu," mlango ukasema kwa sauti ya kubanwa. "Mimi nilikuwepo siku zote. Wewe ulikuwa unafikiria."

Ulikuwa unasema kwa shida kwa sababu ulimi wake ulikuwa umeshikwa. Kitasa cha namna hii hukaa kwenye fremu. Kina taya la chuma linaloushika ulimi wa mlango. Umeme ukifika, taya linalegea na ulimi unatoka. Ndiyo kazi yake yote hapa duniani. Nikapiga magoti, nikakigonga kwa bisibisi.

"Una tatizo gani?"

"Mimi sina," kikajibu. "Kaulize umeme."

Umeme ulikuwa unakuja kwa miguu kutoka bekari, juu ya waya. Zilitoka volti kumi na mbili. Zilizofika zilikuwa tisa, zimevua viatu, zinajipepea. Zikaomba maji. Nikazinyima, kwa sababu za kitaalamu.

"Wenzenu wako wapi?"

"Wamekaa njiani wanakunywa kahawa," ikasema ile iliyokuwa na afueni. "Waya wenyewe mwembamba, fundi, halafu njia ndefu. Kupishana tu ni ugomvi."

Nikaung'oa waya ule, nikatandaza mwingine, mnene kama mkia wa ng'ombe. Nilipoinua kichwa stesheni ilikuwa imegeuka shamba la mkonge, na hakuna aliyeona haja ya kulizungumzia. Safari hii volti zote kumi na mbili zilikuja kwa pikipiki moja, zinaimba. Nikabonyeza swichi.

Tak. Mlango umenuna vilevile. Ukanikonyeza kwa tundu la ufunguo.

Hapo umeme ukakatika.

Ni lazima nieleze, kwa sababu watu wengi hawajui, kwamba vitasa hivi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza, umeme ukikatika hujifungua, watu wasije wakanaswa ndani. Aina ya pili, umeme ukikatika hubaki vimefunga, wezi wasije wakaingia. Katika ndoto nikagundua kwamba kila kitu duniani ni aina mojawapo.

Makopo ya samaki yakafunguka. Mabegi ya wasafiri yakafunguka, mabanda ya kuku, vifungo vya kanzu ya Mjomba Mgaza, na baada ya vifungo, mdomo wake.

"Ile mikate anayoileta Sudi kila Ijumaa naila mimi," akatangaza kwa sauti kubwa. "Na washenga nilishawaambia atakubali! Nimeshakodi hadi viti!"

"Mimi naogopa sindano," akasema daktari wa meno.

Wagonjwa wakashangilia. Kila mtu akawa anasema lake, kuku wanapita katikati ya miguu, shamba zima ni vicheko. Nikausikilizia mdomo wangu nao ufunguke, ulitoe lile neno moja. Haukufunguka. Kumbe mimi ni aina ya pili. Niliumia sana, sikulitegemea hilo.

Umeme ukarudi. Midomo ikafunga, tak, tak, tak, shamba zima.

Sasa mwadhini anapanda ngazi za mnara. Namsikia anakohoa kusafisha koo. Shamba limekuwa ukumbi wa harusi, na vile viti alivyokodi Mjomba vinajipanga vyenyewe kwa kusukumana, kila kimoja kinataka kukaa mbele. Mlango unajaribu shela. Boksi langu la vifaa linalia kwa kwikwi, na koleo inalibembeleza.

Najilaza chini, naweka sikio kwenye kitasa.

"Niambie ukweli," nasema. "Nakuomba. Mwanamume huyu akiniponyoka sitapata mwingine kama yeye."

"Nataka kuachia," kitasa kinanong'ona. "Tangu asubuhi nataka kuachia. Umeme ninao. Nguvu ninazo. Lakini fundi, nitaachiaje na mtu ameniegemea?"

Nachungulia kwenye upenyo. Sudi ameweka bega la kulia kwenye mlango, anasukuma kwa adabu zote, anaita hodi. Daktari wa meno amemwegemea Sudi. Wagonjwa wamemwegemea daktari. Nyuma yao wako majirani, na washenga, na watu waliokuwa wanapita tu, na foleni ya walioegemeana inakwenda mpaka Muheza. Wote wanaita hodi. Wote wanasukuma.

Ndivyo tulivyo kwetu. Mtu anapiga hodi na mguu mmoja uko sebuleni tayari. Hodi yetu ni taarifa, si ombi. Waliotengeneza kitasa hiki huko kiwandani kwao walidhani mtu husubiri kwanza, ndipo husukuma. Ukianza kusukuma wewe, ulimi unalibana taya, na taya likishabanwa hata ulete umeme wa bwawa zima halisogei.

"Sudi!" naita. "Rudi nyuma!"

Matarumbeta yanakatika.

"Umenikataa?" anauliza, bega liko palepale.

"Rudi nyuma hatua moja tu!"

"Nikirudi utadhani nimekata tamaa."

"Sitadhani."

"Na hawa watu je? Watasema Sudi wa bekari kafukuzwa mlangoni."

"Waseme! Sudi, mimi nataka kukufungulia. Tangu mwanzo nataka kukufungulia. Nitafunguaje na wewe umeniegemea kila siku ya Mungu?"

Maneno hayo sikuyapanga. Yametoka yenyewe, na umeme ulikuwepo. Nahisi masikio yananiwaka moto. Mjomba Mgaza anajifanya anahesabu viti.

Juu ya mnara mwadhini ameshaweka mkono sikioni. Anavuta pumzi.

Sudi anarudi hatua moja. Daktari anarudi, anamkanyaga mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa wa kwanza anamkanyaga wa pili. Hatua ile inasafiri nyuma, mtu kwa mtu, "samahani", "samahani", "samahani", hadi kule Muheza, ambako mtu wa mwisho anakalia tenga la machungwa.

Tak.

Mlango unafunguka polepole, bila mtu kuugusa. Ulimi wake uko huru sasa, na kwa mara ya kwanza unasema vizuri.

"Hata hivyo ni mfupi," unasema, huku unavua shela. "Angekuwa ananipita chini tu."

Ukumbi unalipuka vigelegele. Viti vinaruka. Volti kumi na mbili zinacheza zimeshikana mikono, na popote zinapopita taa zinawaka, hata taa ambazo hazipo. Sudi amesimama pale kizingitini na unga kwenye nyusi, anasugua bega. Njia ni nyeupe mbele yake, na haingii. Anasubiri. Nacheka mpaka machozi yananitoka, nafungua mdomo nimjibu.

Nikaamka.

Simu ilikuwa inalia chini ya mto. Ni Sudi, kama kila asubuhi. Nikapokea, nikalisubiri swali.

"Umeamkaje, Mwanakombo?"

"Salama. Wewe je?"

"Salama, ila bega la kulia. Linaniuma, hata unga nimeshindwa kukanda. Sijui nimelalaje. Basi, nilikuwa nakujulia hali tu. Leo sina jingine."

Nikakaa kitandani wima. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake kuni za tanuri zikialika. Hakuuliza. Nikahesabu pumzi kadhaa, bado hakuuliza.

"Sudi," nikasema, "nimekubali."

Kitu kikaanguka kule bekari, nadhani ni trei nzima ya mikate. Nikamwambia awatume tena washenga leo hii hii, na wakifika kwa Mjomba Mgaza wapige hodi wakiwa wamesimama mbali na mlango.