Milioni Moja na Moja

Valerian na mkewe Serafina walikuwa walimu wa hesabu katika sekondari moja ya Masumbwe. Ndoa yao ilikuwa imekaa miaka bila mtoto. Jioni, Serafina alikuwa na mchezo wake: kuitafutia milioni moja na moja kigawanyo. Aliipenda namba ile kwa sura yake, moja mwanzo, moja mwisho, sifuri tano katikati. Uisome kutoka huku au kule, ni ileile. Ila ilikuwa kaidi. Aliigawa kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja na kumi na tatu, mbili vilevile.

“Haikosi inayoigawa,” alikuwa akisema.

Siku moja Mariana, dada mkubwa wa Valerian, alikuja kutoka Runzewe. Chakula kilipoa mezani.

“Mama anauliza lini atambeba mjukuu,” alisema.

Hasira zikampanda Valerian asijue anamkasirikia nani. Serafina akainuka, akaenda kukaa na karatasi zake.

“Achana na hiyo namba!” Valerian akafoka. “Ni tasa. Tasa ni tasa, hata uhangaike vipi.”

Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa tasa, kila mwanafunzi anajua. Lakini Mariana aliinamisha uso kuficha tabasamu, na Serafina akazikunja karatasi zake taratibu. Wiki haikwisha, akawa amerudi kwao Didia.

Mwaka mzima Valerian alijitetea kwamba aliisema namba tu. Hata darasani aliiandika ubaoni kuwa mfano wa namba tasa. Asubuhi moja, akiandaa kipindi, akaona heri aithibitishe mwenyewe. Akagawa, akagawa. Alipofika mia moja na moja, haikubaki kitu: mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Akarudia. Haikubaki kitu.

Jumamosi akaenda Didia. Baba mkwe aliitikia shikamoo yake kwa upole uliomtia aibu. Serafina alitoka shambani, akanawa, akaketi.

“Ile namba inagawanyika,” Valerian akasema. “Kwa mia moja na moja.”

“Najua. Niliipata kabla sijaondoka.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ili iweje, Valerian? Siku ile hukuwa ukiisema namba.”

Valerian alikula ugali aliopikiwa. Jua lilipopunga, Serafina akamsindikiza hadi barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Njia nzima Valerian alikuwa na neno la kuomba radhi mdomoni. Gari lilipotokea kwa mbali, akafumbua kinywa.

“Mahindi yenu yamestawi mwaka huu,” akasema.

“Mvua iliwahi,” Serafina akamjibu, akanyoosha mkono kulisimamisha gari.