Gundi ya Mama Fabiani

Funguo za maktaba zilikuwa tano kwenye kamba moja ya katani, na aliyeisokota ile kamba ni Getruda. Miaka ishirini na mbili alikuwa msaidizi wa maktaba katika chuo kimoja kidogo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mkutubi, Mzee Adamu, alipostaafu, kila mtu alijua funguo zinakwenda kwa nani. Wanachuo walijua, wapishi walijua, Getruda mwenyewe alikuwa ameshashona gauni. Sasa Jumatatu moja ya Januari mkuu wa chuo, Mwalimu Mdoe, akaingia na msichana wa miaka ishirini na sita, hijabu, miwani, mkoba mgongoni, akasema, "Mama Fabiani, huyu anaitwa Ikram, ndiye mkutubi wetu mpya. Ana diploma. Naomba umkabidhi funguo."

Akamkabidhi. Angefanyaje? Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na moyoni akasema, haya, tutaonana.

"Shikamoo mama," Ikram alisema, akazipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu. Karibu." Lakini hilo "mwanangu" lilitoka kavu, ungedhani amelazimishwa na polisi.

Laiti binti yule angekuwa mvivu! Mvivu unamsema, unapumua. Huyu saa moja kasoro asubuhi ameshafika, madirisha ameshayafungua ili mafeni yasiwashwe bure. Kabla ya mvua za masika alikuwa ameshawaomba mafundi wafunge mifereji ya bati kuzunguka paa lote, maji yakawa yanaingia kwenye tanki, na kwa maji hayo maktaba inapigwa deki na miche inamwagiliwa. Alitenga rafu nzima ya vitabu vya mazingira, akaiweka mlangoni kabisa, na chini yake chupa za mbegu: mwanachuo anaazima mbegu za mchicha au za mpapai, akivuna anarudisha mbegu mpya. Msichana mmoja wa Dindira alirudisha mbegu za maharage mara tatu ya alizoazima, Mwalimu Mdoe akampigia makofi paredi. Halafu akampigia makofi Ikram. Bango likapanda juu ya mlango: MAKTABA YA KIJANI.

Getruda alilitazama bango lile akasonya. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja, nani alikuwa akiziokota miaka yote hiyo na kuzishona madaftari? Taa za mchana, nani alikuwa akizizima akizomewa na wanachuo? Yeye alipofanya hayo walisema Mama Fabiani bahili. Kafanya binti wa watu, ooh, anatunza mazingira! Nyumbani alimwambia mumewe, Mathias, "Yule mtoto ameniibia hata ubahili wangu." Mathias akacheka. Alinuniwa siku mbili.

Kitu kimoja tu kilibaki chake: gundi. Baba yake, marehemu Valentino, alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge kule Mazinde, na ndiye aliyemfundisha kusokota uzi wa katani mwembamba wa kupita tundu la sindano. Gundi Getruda alijitungia mwenyewe. Kitabu kikichanika mgongo, Getruda alikishona kwa uzi ule, akakipaka gundi ya unga wa muhogo, akakiweka chini ya tofali siku mbili, kikaamka kizima. Hakuna gundi ya dukani, hakuna plastiki, hakuna kutupa. Watu walikuwa wanatoka idara zote kuleta vitabu vyao, wanasema, mpelekeeni Mama Fabiani, huyo ndiye daktari. Kwenye chuo kizima hicho ndicho kitu ambacho bila yeye kisingefanyika, na alikishika kama mtu anavyoshika nauli yake ya mwisho.

Mwezi wa tatu Ikram akaja na daftari na kalamu.

"Mama, naomba unifundishe gundi yako. Nataka wanachuo wote waijue. Vitabu vibovu tunavyo zaidi ya mia mbili, na wewe mikono yako ni miwili tu."

Hee! Yaani hata hicho? Getruda aliinamisha kichwa kama anayefikiri. Kukataa asingeweza, Mwalimu Mdoe angesikia. Basi akamfundisha. Unga wa muhogo vikombe viwili, chumvi kijiko, koroga kwenye maji baridi kwanza usije ukafanya mabonge, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, moto mdogo, mwiko usisimame.

"Maji gani, mama?"

"Maji tu," Getruda alisema. "Maji ni maji."

Ikram akaandika: maji.

Haikuwa kweli. Gundi ya muhogo ni uji, na uji nani asiyeupenda? Mwaka wake wa kwanza mende walimlia kitabu cha ramani wakakimaliza mgongo wote, ndipo alipoanza kuchemsha majani ya mwarobaini, konzi mbili, akayachuja, na maji yale machungu ndiyo akapikia gundi. Tangu hapo mende hakugusa. Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya jiko la chuo. Getruda alikuwa akichuma asubuhi na mapema, anafunga majani kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakaanza kutibu vitabu, Ikram na wanachuo, kila Jumamosi, wanacheka, wanaimba, mikono imejaa uji. Mpaka mwezi wa tano walifikisha vitabu mia mbili na kumi na tatu. Mwalimu Mdoe alikuja akapiga picha. Getruda alikaa pembeni na sindano yake, anashona, anangoja.

Na mende wakaja, wangeachaje? Mvua zilipokatika, kitabu cha kwanza kikaonekana kina mikwaruzo mgongoni, kama mtu amekikuna kwa kucha. Wiki ile ile vikawa vitano, kisha kumi na tisa. Siku aliyoviona Getruda alikwenda zake stoo, akafunga mlango, akacheka peke yake. Alisikia raha, tena raha yenyewe, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Sasa watajua daktari ni nani!

Akangoja wamwite. Hawakumwita. Ikram aliamua kwamba kosa ni chakula. Akapiga marufuku maandazi na karanga maktabani, na kila asubuhi akawa anapiga magoti mwenyewe na kitambaa, anafuta chini ya rafu moja moja, miwani inamteleza puani. Getruda alikuwa anampita na ufagio, anasema, "Pole mwanangu," na safari hii maneno yalimkwama kidogo, sijui kwa nini. Ile raha ya stoo aliitafuta tena asiipate vizuri.

"Unajua nimegundua nini, mama?" Ikram alimwambia siku moja, bado yuko chini, amekaa juu ya visigino. "Ulivyovitibu wewe hawavigusi. Hata kimoja. Vinavyoliwa ni vyetu sisi. Ina maana gundi yako haina kosa, ni sisi tunaipika vibaya. Mikono yetu bado haijajua."

Getruda akasema, "Mtajua tu."

Jioni hiyo hakula. Mathias alimuuliza kama anaumwa, akamjibu kwamba haumwi, na kwamba aache kumuulizauliza.

Mwezi wa saba, siku ya Jumatano, Ikram akaingia amekumbatia boksi, uso unang'aa. "Mama, fumba macho. Haya, fumbua." Akamwekea mkononi kijitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi wa katani. Kilichapwa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, hivi kwamba ukigeuza ukurasa unakutana na swali la hesabu. Juu ya jalada: GUNDI NA UZI. Namna Bi. Getruda Valentino Anavyotibu Vitabu.

Alisoma jina lake mara tatu. Hajawahi kuliona limepigwa chapa mahali popote, isipokuwa kwenye kitambulisho. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Kabla hatujaanza kusema maktaba ya kijani, mama huyu alikuwa ameshaifanya peke yake kwa miaka ishirini na mbili. Sisi ni wanafunzi wake." Ukurasa wa nne ulikuwa na gundi. Unga wa muhogo vikombe viwili. Chumvi kijiko. Maji.

"Nakala themanini," Ikram alisema. "Keshokutwa tunazipeleka Handeni, kwa walimu wa maktaba wa shule zote za wilaya. Nimewaambia siji na semina, nakuja na mwenyewe mwenye gundi. Utapanda gari mbele, mama, mimi nitakaa nyuma na maboksi."

Getruda alisema ahsante. Uongo aliousema ili aliyepewa funguo zake aaibike, umekwenda kukaa chini ya jina lake yeye, na shule zote za Handeni zitapika uji na kuwapakulia mende, na kila kitabu kitakacholiwa mtu ataangalia jalada aone nani alifundisha. Na ubaya zaidi, yule mtoto alikuwa hamchukii. Miezi yote ile Getruda alikuwa anagombana na mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna ugomvi.

Siku mbili aliwaza aseme au asiseme. Ijumaa alfajiri alichuma majani, akayafunga pindoni. Bado hakuwa ameamua.

Handeni waliwakuta walimu thelathini wamekaa darasani, sufuria liko nje, mlangoni tu, juu ya mafiga. Alipoteremka wakasimama. "Shikamoo mama! Ndiye Mama Fabiani mwenyewe?" Wakamvutia kiti, wakampa soda. Mwalimu Mashavu, mwenyeji wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa ameshasoma ukurasa wa nne na ameshika mwiko.

"Sasa mama, mimi nina swali la kishamba," alisema. "Sisi Wazigua muhogo tunaujua. Uji huu mende hawaupendi? Bibi zetu hata mahindi ya ghalani waliyatilia mwarobaini. Au kuna kitu umesahau? Maana umri nao, mama yangu, mimi mwenyewe juzi nimetafuta miwani nimeivaa!"

Darasa zima likacheka. Getruda naye akacheka. Mlango ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwenyeji kwa heshima zote. Alichotakiwa kusema ni jamani, uzee huu, ni kweli nimesahau. Wangecheka tena, majani yangetiwa, kijitabu kingesahihishwa, jina lingebaki safi na Ikram asingejua milele. Alimtazama Ikram. Ikram alikuwa amechutama karibu na moto, anachochea kuni, magoti ya gauni lake yamepauka kwa kupiga deki chini ya rafu.

"Sikusahau," Getruda alisema.

Akafungua pindo la kanga, akayaweka majani juu ya meza.

"Haya ndiyo huwa natia. Miaka yote. Mtoto huyu aliponiuliza maji gani, nilimwambia maji tu. Nilijua. Nilikuwa na wivu naye. Alipewa nafasi niliyoitaka, nikataka aharibikiwe, na aliharibikiwa, nami nikafurahi."

Mwalimu Mashavu aliutua mwiko taratibu. Ikram akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya hijabu, akaivaa, kama mtu anayetaka kuona vizuri.

"Vitabu mia mbili na kumi na tatu," alisema.

"Nitavibandua mimi. Kimoja kimoja. Na jina langu futeni."

"Jina halifutwi." Sauti yake haikupanda. "Gundi ni yako, kweli ni yako, na wanaihitaji. Utaandika kilichopungua kwa mkono wako, kwenye kila nakala. Na sababu."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu, akamnyooshea kwa mkono mmoja.

"Kalamu hii hapa, Bi. Getruda."

Hakumwita mama. Tangu Januari, asubuhi na jioni, mama hili na mama lile, na Getruda alikuwa akilipokea neno lile kama kero, halijibu vizuri hata siku moja. Sasa halikuja, na mahali pake pakauma kuliko funguo, kuliko bango, kuliko yote.

Akavuta boksi, akafungua nakala ya kwanza ukurasa wa nne. Palepale kwenye neno maji akaandika, kwa mwandiko wake mbaya wa kulala: Maji ya mwarobaini, konzi mbili. Nilijua, nikaficha kwa wivu. Akatia sahihi, akaiweka kando ikauke.

Nje Mwalimu Mashavu alikuwa anamwaga lile sufuria waanze upya. Ikram alikwenda kumsaidia. Getruda akachukua nakala ya pili, bado sabini na nane nyuma yake.