Kumi Bora za Kellen

Bwera nzima, pale mpakani mwa Uganda na Kongo, ilijua kwamba Kellen, fundi cherehani wa karibu na soko, si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikwenda kwenye sinema na penseli sikioni na daftari gotini, na shujaa akipiga risasi tisa kwa bastola ya risasi sita, Kellen aliandika. Kila sinema aliipa alama: tano za hadithi, tatu za mapigano, mbili za mfasiri. Hakuna iliyowahi kupata kumi. Na kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Desemba, watu wakitoka kanisani walijazana katika kibanda cha video cha Samsoni ili wamsikie akisoma sinema kumi bora za mwaka. Walikuja kubisha zaidi ya kusikiliza. Mwaka mmoja benchi mbili zilivunjika kwa sababu ya sinema ya chatu iliyoshika nafasi ya nne. Kellen hakubadilisha hata nukta. Orodha ikishasomwa imesomwa, alisema, na asiyeridhika anunue daftari lake.

Mwaka huo wa 2015, alama zilizomsumbua zilikuwa za mfasiri. Mfasiri, au vijei kama wanavyomwita, ndiye anayekaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya sinema, halafu anawaambia watu Mchina amesema nini na Mhindi amejibu nini. Vijei wa Samsoni alikuwa Xavier, Mkongo wa upande wa Beni aliyevuka mpaka mwishoni mwa mwaka uliotangulia akiwa na begi moja na koti la mvua. Alifasiri kwa Kiswahili, na siku za soko wafanyabiashara waliotoka ng'ambo walijaa mpaka mlangoni kumsikiliza. Alikuwa na sauti, jamani! Mtu akifa kwenye skrini, akina mama wauza samaki walilia kweli, na samaki wao wakaliwa na nzi.

Ila alikuwa na kosa moja, nalo lilimkaa Kellen kooni kama mwiba wa samaki ngege. Xavier, kama vijei wote, aliwapa wahusika majina ya nyumbani. Na kila alipotokea mtoto wa kike, Xavier alimwita Kahindo. Sasa, Wakonzo na ndugu zao Wanande wa ng'ambo hawaokoti majina njiani. Mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika. Mvulana wa kwanza, kule kwa Wanande, ni Paluku. Kahindo ni msichana aliyekuja baada ya mvulana, yule aliyegeuza mambo. Huwezi kumpa jina hilo mtoto ambaye watu wote wanaona dada yake mkubwa amesimama pale pale kwenye skrini. Hata mtoto anayenyonya angecheka.

Kellen alimwendea mara ya kwanza mwezi wa tatu.

"Xavier, huyo msichana iko na dada mkubwa. Kahindo inatoka wapi?"

"Pardon, mama," Xavier alisema, akiinamisha kichwa. "Nitachunga."

Juma lililofuata, sinema nyingine, Kahindo mwingine. Kellen akaandika: *Kosa lile lile. Toa moja.* Akaendelea kutoa moja moja mwaka mzima.

Pamoja na hayo, namba moja ya mwaka ilikuwa ya Xavier huyo huyo, na haikuwa na mshindani. Ilikuwa sinema ya Kichina isiyo na maandishi ya Kiingereza chini, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma jina lake, watu waliiita Mwanamke wa Treni. Mama mmoja anakimbia vita na binti yake Kahindo, mtoto wa miaka saba mwenye sweta ya bluu na kovu la pasi kiganjani. Stesheni imejaa watu wanaosukumana. Mama anamshika mtoto mkono, anamvuta, wanapanda treni, treni inaondoka. Ndipo anapotazama chini na kuona kwamba mkono alioushika ni wa mtoto wa mtu mwingine. Siku ile Kellen alisahau kuandika. Aliporudi nyumbani ndipo alipojaza daftari: *Sweta anasema ya bluu, mimi naona nyekundu, lakini televisheni ya Samsoni ina rangi mbovu, nimsamehe. Jina Kahindo, toa moja. Tisa.* Alikuwa hajawahi kuipa sinema yoyote tisa.

Basi sifa zikavuka milima. Siku moja baada ya Krismasi, mtangazaji wa redio mjini Kasese, kijana mchangamfu aitwaye Crispus, alimwalika kwenye kipindi chake cha Kiswahili cha Jumamosi akaisome orodha, wilaya nzima isikie. Kellen alishona gauni jipya, kana kwamba redio ina macho. Alisoma kutoka kumi hadi mbili bila kukwama. Alipofika namba moja alisimulia yote: Kahindo, sweta ya bluu, kovu la pasi, mkono wa mtoto wa mtu. Crispus mwenyewe alitoa leso. Kisha akafungua simu.

Wa kwanza kupiga alikuwa Ronah, mwanamke aliyepika kwa wahandisi wa Kichina kwenye kambi ya umeme huko Bugoye.

"Dada, hiyo sinema mimi naijua," alisema Ronah, akijizuia kucheka. "Mabosi wangu wanaipenda sana, walinieleza yote. Hiyo ni komedi! Hakuna vita. Yule mwanamke ni mwizi, na mtoto ni mwizi mwenzake. Akiangalia chini analia sababu begi yake ya dhahabu wamebadilisha. Sasa wewe mtoto amepotea umemtoa wapi?"

Kellen alifunua daftari nyuma na mbele, akiitafuta hiyo begi ya dhahabu. Crispus alicheka kwa adabu, kisha bila adabu. Simu zikamiminika. Mmoja aliuliza kama sinema ya chatu ilikuwa ya harusi. Mwingine alimshauri abaki na sindano zake. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Munkunyu, sauti yake ikikatikakatika.

"Mwanangu, niko na mtoto hapa, anang'ang'ania simu. Anauliza, huyo mama alirudi kumtafuta?"

"Bibi, muulize mpishi wa Wachina!" Kellen alisema, akavua vile vidude vya masikioni na kutoka nje. Aibu ilimchoma mpaka kwenye nyayo.

Alirudi Bwera akiwa na hasira ya kumtafuna mtu mbichi. Mwaka mzima alikuwa amepima, amekata, amepiga pasi, kumbe kitambaa chenyewe hakikuwepo! Kama Xavier alidanganya ile moja, alidanganya ngapi? Alikaa mezani, akafungua daftari toka Januari ili amhesabie makosa yake kesho yake mbele ya watu wote.

Ya mtawa mpiganaji: *Kahindo, mtoto wa mpishi, miaka saba, hali maharagwe. Ana dada. Toa moja.* Ya maharamia: *Kahindo, mtoto wa nahodha, kovu la pasi kiganjani. Silioni kovu. Toa moja.* Ya Kihindi, ile ndefu: *Kahindo tena!! Sweta ya bluu kwenye jua lile! Toa moja.* Akafunua, akafunua. Sinema saba katika zile kumi bora. Miaka saba, maharagwe, kovu, sweta. Aliyaandika yote kwa mkono wake mwenyewe, kwa bidii, kama makosa.

Penseli ilimwanguka. Xavier alikuwa Mnande, na hakuna Mnande anayesahau mpangilio wa majina, kama vile hakuna asahauye njia ya kinywa chake. Mtu hakosei jina moja mara saba. Mtu huita. Kellen alijishika kichwa, akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Yesu wangu. Anamwita mtoto."

Jumapili kibanda kilifurika kuliko mwaka wowote, maana aibu ya mwenzio haina kiingilio. Kila mtu alikuwa amesikia redio. Samsoni, mwenye kibanda, alikuwa amesimama mlangoni akiwa amekishika kipaza sauti chake kama aliyemnyang'anya mlevi panga.

"Nyabo Kellen, soma orodha yako, halafu huyu Mkongo anaenda," alisema. "Mimi nauza sinema, siuzi uongo. Kasese yote inanicheka."

Xavier alikuwa kwenye kiti chake kando ya televisheni, mikono magotini. Watu walipiga miluzi. Kellen alipita katikati yao, daftari kifuani, akamwinamia.

"Xavier, Kahindo ni nani?"

Xavier aliinua kichwa.

"Iko mutoto wangu," alisema.

Miluzi ikakatika upande wa mbele. Huko nyuma waliendelea kidogo, halafu nao wakanyamaza.

"Tulikuwa tunakimbia. Batu balikuwa bengi, banasukumana. Mimi nilimushika mukono, nikamuvuta, nikamuvuta. Kufika mbele, naangalia: niko nashika mukono ya mutoto ya mutu mwengine." Alifungua kiganja chake, akakitazama. "Ule nilimurudishia mama yake. Alinishukuru sana. Wangu sikumuona tena."

Mama mmoja muuza samaki alipiga ukelele mfupi, akajiziba mdomo kwa kitenge.

"Lakini kwa nini hukusema?" Kellen aliuliza. "Sisi ni watu, Xavier! Mwaka mzima tunakaa na wewe hapa!"

"Nilisema, mama. Ku biro ya bakimbizi baliandika jina, banasema ngoja. Nilisema ku soko pia. Lakini mutu akisema shida yake kila siku, batu banachoka. Sinema, habachoki. Banatoka kule kila siku ya soko, banasikia, banarudi. Nikasema, labda mutu moja atasikia, atasema, ule mutoto mimi namujua."

Kahindo hutanguliwa na mvulana. Kellen alitaka kuuliza mvulana huyo yuko wapi, na mama yao yuko wapi, lakini aliuona uso wa Xavier na akaacha.

Samsoni alikuwa amekishusha kipaza sauti. Alikitazama kama kitu kilichomuunguza mkono.

Hapo ndipo Kellen alipopata pigo la tatu, baada ya lile la redio na lile la daftari, na hilo ndilo lililomkalisha chini, juu ya sakafu ya udongo, na gauni lake jipya. Bibi wa Munkunyu! *Niko na mtoto hapa. Anauliza, huyo mama alirudi kumtafuta?* Sauti ya Xavier haikuwahi kuvuka soko la Bwera upande huu. Yeye Kellen, katika ujinga wake, ndiye aliyempeleka Kahindo, na sweta yake na kovu lake, katika kila redio ya wilaya. Mtoto akasikia. Mtoto akajibu. Na yeye akamwambia amuulize mpishi wa Wachina.

"Nimemkatia simu," alisema. "Mungu anisamehe, nimemkatia simu!"

Ilibidi alirudie jambo hilo mara tatu ndipo watu wakamwelewa. Samsoni alimpigia Crispus, akamkemea kama afande hata kabla hajasalimiwa: tafuta namba, sasa hivi, acha kula. Crispus aliipata. Samsoni akaibonyeza, akaweka simu juu ya televisheni, sauti ikiwa imefunguliwa yote, na kibanda kizima kikasogea mbele.

Bibi alipokea. Kellen alijitambulisha, akaomba radhi, akamuuliza mtoto alimpata wapi.

"Mpakani, mwaka jana, watu walipovuka wengi," bibi alisema. "Alikuwa amesimama peke yake. Nikamchukua, atakuwa na nani? Hasemi sana. Jana akasikia jina lake kwenye redio, tangu hapo hajala. Ngoja."

Kulikuwa na mkwaruzo, na kuku wakilia mbali. Kisha sauti ndogo ikasema, "Allô?"

Xavier alifungua mdomo. Mtu aliyewasemea wafalme, majambazi, farasi na mizimu, safari hii hakupata hata silabi. Alimgeukia Kellen, akamwonyesha simu kwa mkono, na Kellen akaelewa kwamba leo mfasiri ni yeye.

"Kahindo," alisema Kellen polepole, "mimi ndiye mama wa redio. Mwenye hiyo sinema iko hapa na mimi, anakusikia. Unataka nimwambie nini?"

Mtoto alifikiri.

"Mumwambie alikosea," alisema. "Sweta yangu ilikuwa ya kijani. Ya bluu ilikuwa ya Paluku."

Katika sinema zote saba Xavier hakuwahi kulitaja jina la Paluku, yule mvulana aliyetangulia, hata mara moja. Kellen alijua, maana alikuwa ameandika kila kitu. Xavier aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa ardhi, akaikumbatia ile televisheni mbovu pamoja na simu iliyokuwa juu yake, na kilio kilichomtoka hakikuwa cha sinema yoyote.

"Ni kweli," alisema alipoweza. "Ya kijani. Nilikosea, mama yangu. Nilikosea. Nakuya."

Nje, bodaboda tatu zilikuwa zimeshawashwa kabla hajasimama. Kellen alichomoa penseli sikioni. Alifuta *bluu* akaandika *kijani*, akarudisha ile alama moja aliyoitoa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaipa sinema kumi.