Mkono wa Kukokia

Nyati alikuwa ameshaua mtu kwenye shamba la ujamaa la pamba, kule Bunda, ndipo bwana nyama, afisa wa wanyamapori, akaleta bunduki mbili ili Magesa, mwindaji wa kijiji, achague moja. Kwa shabaha Magesa hakuwa na mpinzani, ila alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Zote zinakokiwa kwa kulia," bwana nyama akafoka. "Shika kama watu!"

Magesa akachagua ile nzito, ambayo mkono wake wa kukokia, ule wa kuingizia risasi, ulichomoza mrefu. Wazee, ambao hata gobori hawajawahi kulishika, wakaguna.

Alfajiri nyati akarudi. Magesa akalaza mtutu juu ya kichuguu, akafyatua. Nyati hakuanguka. Aligeuka, akaja mzimamzima. Kidole cha kushoto hakikubanduka kwenye kifyatulio. Mkono wa kulia ndio uliopanda, ukavuta ule wa kukokia, ukausukuma. Risasi ya pili ikamwangusha mbele ya kichuguu.

"Nani kakufundisha hivyo?" bwana nyama akauliza, anahema.

"Mama. Alikuwaga ananifunga mkono wa kushoto kwa kamba, nile ugali kwa wa kulia."

Magesa akautazama mkono wa kulia.

"Amekufa nimemnunia."