Doa Jekundu kwenye Shokapu ya Buti

Mlango wa nyuma wa gari letu ulimwangukia mama shingoni akiwa ameinama kupakia mashuka. Kwa siku kadhaa, ukimwita, aligeuka mwili mzima kama kabati.

Kazi yetu ni kufua mashuka ya nyumba za wageni. Tunafua, tunapiga pasi, tunakunja, tunapeleka. Gari ndiyo miguu yetu. Mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu, na unashikiliwa na shokapu mbili, moja kila upande: mrija mweusi wenye gesi ndani, na fimbo nyembamba inayong'aa ikiingia na kutoka. Gesi ikivuja, mlango unakuwa kama mlevi. Unasimama, unafikiri kidogo, unalala.

Shokapu hizo alizifunga baba mdogo. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, ni fundi magari, na anaishi chumba chetu cha uani. Alifunga za kwanza mvua zilipoanza, zikafa kabla mvua hazijakwisha. Akafunga nyingine. Hizo za pili ndizo zilizomwangushia mama mlango.

"Zilikuwa mpya," baba mdogo alisema.

"Mpya za wapi?"

"Za dukani, shemeji. Ulitaka za mbinguni?"

Mama hakucheka, na si kwa sababu ya shingo tu. Aliponipata peke yangu jikoni aliniambia, "Huyu, zile mpya anawafungia wateja wake. Sisi anatufungia za zamani zilizopakwa rangi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Siku nikihakikisha, atahama kile chumba, awe mdogo wa marehemu au asiwe."

 Baba mdogo ana kikohozi cha asubuhi kama alichokuwa nacho baba. Nikikisikia uani, najua nyumba bado ina watu. Sikutaka ahame. Lakini shingo ya mama nayo nilikuwa naiona.

Alipoleta za tatu, aliniita nimsaidie. Mlango ukiwa hauna shokapu lazima ushikiliwe, maana hauna kingine cha kuuzuia. Akaniambia niingie chini, yeye ataushika. Nikaenda kuchukua mpini wa ufagio nikautumia kutegemeza mlango.

"Huniamini?"

"Nauamini ufagio, baba mdogo."

"Haya. Ukikuoa, usinialike."

Akachokonoa klipu kwa bisibisi, akavuta shokapu ya zamani, akabana mpya kwenye gololi yake, kile kichwa cha mviringo kilichofungwa mlangoni, mpaka ikalia ta! Akahamia upande wa pili. Alipokwenda kunawa, nilitoa chupa yangu ya rangi ya kucha nikatia tone jekundu mwishoni mwa kila fimbo, karibu na gololi, mahali pasipoingia kwenye mrija. Sikumwambia mtu. Mama namjua, siri kwake haikai mpaka chai ipoe.

Kuanzia hapo nikawa naangalia. Nilimwona baba mdogo akifungua buti wakati hakuna mzigo wa kupeleka popote. Akafunga, akafungua tena. Mchana mwingine alipita uani na kitu kirefu amekizungushia kitambaa, akakiingiza chumbani. Nikamuuliza ni nini. "Vyuma," akasema, akarudishia mlango. Fundi ana vyuma, sawa. Lakini tangu lini vyuma vinavishwa nguo?

Haukupita muda, mlango wa gari ukaanza tena kushuka pole pole. Nikainama kutazama fimbo. Huku nyeupe, kule nyeupe. Hakuna tone hata moja.

Nilimkuta baba mdogo uani na kikombe chake.

"Shokapu zetu ziko wapi?"

"Si ziko garini?"

"Zetu niliziwekea alama nyekundu. Za garini hazina."

Aliweka kikombe chini. "Uliniwekea alama, kama ng'ombe?"

"Niliiweka kwenye shokapu."

"Ni huko huko, mwanangu." Akaingia ndani. Nikasikia spana zikiwekwa kwenye sanduku, moja moja, bila haraka. Mtu anayepanga spana hivyo hafungashi kwa hasira. Anaondoka kweli.

Mama akatokea na beseni. "Alama gani hiyo?"

"Doa jekundu, mwishoni mwa fimbo."

"Lile doa?" Akashusha beseni. "Nilidhani kutu inaanza. Nililisugua mimi, mpaka likatoka."

Spana zikanyamaza. Baba mdogo akasimama mlangoni. "Shemeji, ulilisugua na nini?"

"Si lile doa tu, nazisugua fimbo zote kila ninapoosha gari. Zina mafuta, zimeshanichafulia mashuka." Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa kifundo cha nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria.

Baba mdogo alitazama kile kifundo kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Akanivuta mpaka kwenye gari. "Pitisha ukucha." Nikaupitisha kwenye fimbo. Ukakwama, ukakwama tena. Mikwaruzo tele.

"Mdomoni mwa mrija kuna mpira unaozuia gesi," akasema. "Fimbo yenye mikwaruzo inaula kila inapopita. Na mimi kutwa naujaribu mlango, nimegombana na mwenye duka bure! Zile mbovu nimezificha chumbani nimpelekee ushahidi, maana nilimwambia ananiuzia zilizotumika."

"Sasa mbona hukusema?" mama akamgeuzia kibao.

"Niseme nini, shemeji? Nani alijua shokapu inaoshwa pamoja na sufuria?"

Nilikwenda chumbani kwake nikalitoa sanduku la spana kitandani, nikalirudisha mwenyewe garini, linapokaa siku zote. Hakuniangalia.

Alipopata shokapu nyingine, aliinua mlango kwa mkono mmoja akasema, "Ingia." Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta, naweza kuufikia. Nikauacha. Niliinama chini ya ule mlango, kisogo kikipata baridi, nikachokonoa klipu. Juu yangu akakohoa. Mlango haukutikisika.

Nilipotoka nilimwona mama dirishani. Zile nyuzi za chuma, tulizokubaliana zikae jikoni, alikuwa anazirudisha mfukoni.

 Sasa namwangalia yeye.