Mzee Aliyetafuta Kufukuzwa

Lazarus alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuwezi. Alilala amechoka, akaamka amechoka zaidi, kana kwamba usiku kucha kuna mtu alikuwa akimwazima kubebea mawe. Hata viatu vyake vilikuwa vimechoka. Watu wa mtaa wake wa Noonkopir walisema ukiviacha mlangoni vinaelekea kanisani vyenyewe, na Wilkister, mkewe, hakuwahi kubisha.

Alikuwa mzee wa kanisa tangu kanisa lilipokuwa turubai lililofungwa kwenye nguzo za ua wa mtu, wakati Kitengela ilikuwa mahali pa malori kupumzika na ng'ombe kuvuka. Sasa ulikuwa mwaka wa elfu mbili, umeme ulikuja kwa mgao, kanisa lilikuwa na mabati na sakafu, na Lazarus alikuwa bado mzee wa kanisa. Mchana alifanya kazi ya stoo katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Jioni, kabla hajapangusa vumbi kwenye nyusi, tayari kuna mtu getini. Mke wa fulani amerudi kwao. Maiti imekwama mochari. Kwaya imegawanyika kwa sababu ya rangi ya sare. Alikuwa amezika watu hadi wachimba kaburi wa Kajiado nzima wakawa wanamwita kwa jina na kumuuliza, "Na kesho, mzee, unakuja?"

Siku moja akamwendea Mchungaji Peterson.

"Mchungaji, nimechoka. Nataka kupumzika hii kazi."

Peterson, ambaye kwa umri angetosha kuwa mtoto wa Lazarus, alicheka kwa upole.

"Mzee wa kanisa hastaafu kama mwalimu, baba. Anaondolewa na Mungu ama anaondolewa na dhambi. Na wewe mwezi ujao tunakuthibitisha tena."

Lazarus alirudi nyumbani akiyapima hayo mawili. Lile la kwanza hakuwa na haraka nalo. Likabaki la pili.

Kuthibitishwa kulikuwa na utaratibu wake. Mzee anasimama mbele, mchungaji anasoma zile sifa ambazo Maandiko yanazidai: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asiwe mpenda fedha, awe na mke mmoja, awe mkarimu. Kila sifa ikisomwa, washirika wanaitikia, "Tunashuhudia!" Ya mwisho ni kama anaitunza nyumba yake vizuri, na hiyo hawaulizwi washirika. Anaulizwa mke. Mke anasimama, anasema "Ninashuhudia," anakaa, watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Hakuna mke aliyewahi kuongeza neno. Kwa hiyo Lazarus hakulifikiria hilo hata kidogo. Alianza na ulevi.

Jumamosi mchana alivaa koti lake la mazishi, akaingia kwenye baa ya Musila kando ya barabara kuu, akachagua meza ya dirishani ili aonekane vizuri na wapita njia.

"Mzee, umepotea?" Musila aliuliza. "Kanisa ni upande ule."

"Sijapotea. Leta bia."

"Baridi ama ya kawaida?"

Lazarus hakujua kwamba kuna kuchagua. "Ile kali," akasema.

Alionja mara moja, macho yakamtoka machozi. Fundi mmoja wa mabomba aliyekuwa pembeni alipomwona mzee wa kanisa analia juu ya chupa, akaficha glasi yake chini ya meza.

"Najua kwa nini umekuja," fundi akasema. "Ni mama yangu amekutuma."

"Simjui mama yako."

"Usinifiche, mzee. Analia hivyo hivyo akiniona hapa." Naye akaanza kulia.

Mpaka jua linaelekea kuzama, Lazarus alikuwa amepatanisha ndugu wawili, ameombea mguu wa mtu uliovimba, na ile bia ilikuwa imepata joto mbele yake bila kupungua. Jumapili walevi wa Musila walijaza benchi la mbele, wamenyoa, wananukia sabuni. Inasemekana Musila mwenyewe alikaa nyuma kabisa kuhesabu wateja aliopoteza. Mchungaji Peterson alimtaja Lazarus katika mahubiri kama mfano wa mtu anayewafuata kondoo hadi porini. Lazarus aliinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya mahubiri yakasomwa matangazo. Katikati ya habari za mchango wa viti na mkutano wa akina mama, karani akasoma kwamba Lorine, binti wa Mzee Lazarus, amepata nafasi katika chuo cha ualimu na anaondoka kesho, anaomba maombi. Watu wakapiga makofi. Lazarus naye akapiga, tena kwa nguvu. Alipokuwa akitoka mlangoni ndipo alipohisi kitu kinamchoma, kama changarawe ndani ya kiatu, lakini mtu akamshika mkono kuhusu mazishi ya Embulbul, na changarawe ikasahaulika. Kesho yake aliondoka alfajiri kwenda huko Embulbul. Lorine alikuwa bado amelala.

Akajaribu ugomvi. Mzee mwenzake, Meitamei, alikuwa na ng'ombe ambao walikuwa wameingia uani mwa kanisa na kula maua yote ya harusi, wakabakisha riboni. Lazarus alimsimamisha mbele ya watu akamfokea hadi mshipa wa shingo ukasimama. Alimwita mchungaji wa mifugo asiyejua kuchunga. Alimwambia ng'ombe wake wana adabu kuliko yeye, na hao wenyewe hawana adabu.

Meitamei aliegemea fimbo yake hadi mwisho. "Umemaliza?"

"Bado!"

"Maliza tu. Hawa watu wa kupanga nyumba wananiogopa, kila kitu ni 'samahani, mzee'. Tangu kaka yangu afe hakuna mtu amenigombeza vizuri namna hii."

Siku iliyofuata alikuja kwa Lazarus akivuta mbuzi.

"Sopa, Lazaro," akamsalimia kwa Kimaasai.

"Epa," Lazarus akaitikia bila nguvu.

"Huyu ni wako. Na sasa niambie. Kwa baa hukunywa. Kwangu hukuwa na hasira, nilikuangalia macho. Wewe unatafuta kufukuzwa."

Lazarus akaketi kwenye ngazi ya mlango. "Nimechoka, Meitamei. Hata dhambi yangu wanaigeuza kuwa huduma."

"Oa mke wa pili. Hiyo hawataigeuza."

"Wilkister ataniua."

"Basi utakuwa umeondolewa na Mungu. Si mchungaji alisema njia ni mbili?"

Walicheka, ingawa Lazarus alicheka kidogo tu, maana kucheka nako kulikuwa kazi. Ndani, Wilkister alikuwa ameweka ugali na omena mezani. Lazarus alinawa, akavuta kiti, na geti likagongwa. Walikuwa kijana na mkewe wanaorushiana maneno.

"Nakuja," Lazarus akasema.

Wilkister alichukua sahani nyingine akafunika chakula, kwa mkono uliozoea, hata hakuangalia.

Siku ya kuthibitishwa kanisa lilijaa. Lazarus alisimama mbele kama mtu anayesomewa hukumu. Asiwe mlevi? "Tunashuhudia!" Benchi la Musila ndilo lililopiga kelele kuliko wote. Asiwe mgomvi? Meitamei akaitikia kwa sauti nene, huku akimkonyeza. Sifa zikapita moja baada ya nyingine, na kila moja ilimshukia Lazarus mabegani kama mfuko wa saruji.

"Na sasa, Mama Lorine," Mchungaji akasema, tayari akiugeuza ukurasa, "je, mzee anaitunza nyumba yake vizuri?"

Wilkister akasimama. Akanyoosha kitambaa cha kichwa.

"Simshuhudii."

Mtoto mmoja alikohoa. Mchungaji akarudisha ukurasa.

"Mama hakusikia swali vizuri..."

"Nimesikia. Huyu mzee hanipigi, hanitukani, mshahara analeta wote. Lakini nyumba haijui. Amepatanisha kila boma la hapa mpaka Kimana, na mimi naye hatujakosana, kwa sababu ili mkosane lazima mkae pamoja kwanza. Mtoto wake alipoitwa chuo, alimsubiri jioni nyingi amwambie. Mwisho akampelekea karani wa matangazo. Akaniambia, 'Mama, huko ndiko baba atasikia.'"

Mchungaji Peterson akatabasamu kwa shida. "Wapendwa, mnaona jinsi mama anavyotushuhudia kwa njia nyingine, kwamba mzee wetu amejitoa..."

"Mchungaji, usiweke sukari," Wilkister akasema. Akakaa.

Lazarus alikuwa amelitafuta jambo hili kwenye chupa na kwenye ng'ombe wa watu, na sasa lilikuwa mbele yake, halali kabisa, na lilimuuma. Alikumbuka alivyopiga makofi siku ile.

"Anasema kweli," alisema. Sauti haikufika nyuma, ikabidi arudie. "Mama Lorine anasema kweli. Sifa hiyo sina. Mwandikeni mwingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Chai ililetwa ikapoa.

Walirudi nyumbani kwa mguu, udongo mweusi ukishika viatu hadi kila hatua ikawa nzito kama ndoo. Njiani mama mmoja alimkimbilia, "Mzee, kuna maneno kwa jirani..." Lazarus akaelekeza nyuma kwa kidole, ambako Meitamei alikuwa akitoka kanisani. "Muulize yule. Ana fimbo."

Nyumbani Wilkister akawasha jiko. Lazarus alisimama katikati ya jikoni akiangaza macho.

"Vijiko viko wapi?"

"Viko pale pale vilipokuwa tangu tuhamie hapa."

Akafungua droo ya kwanza, ya pili, akavipata nyuma ya mlango, kwenye kopo la siagi. Wakakaa. Ugali ulikuwa unafuka mvuke, na Lazarus hakukumbuka mara ya mwisho kuuona ugali wake ukifuka.

"Lorine anaweza kupigiwa simu huko?" akauliza.

"Jumamosi mchana. Kuna simu ya bweni."

Geti likagongwa. Magoti ya Lazarus yakaanza kunyooka yenyewe, kama vile viatu vyake. Wilkister alimtazama, mkono wake ukiwa juu ya ile sahani ya kufunikia. Hakuinyanyua, hakuiacha.

Lazarus akakaa tena.

"Mzee wa kanisa hayuko!" akaita.

"Na wewe unayeongea ni nani?" sauti ikauliza huko nje.

Lazarus akavuta kiti karibu na meza.

"Ni baba Lorine," akasema. "Niko kwa chakula."

Wilkister akairudisha sahani kabatini. "Kula," akasema, "kabla haujapoa."