Mashine Iliishia Kwenye Nzuri

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 22 Mei 2025, asubuhi, nikiwa nimeshika chupa ya uji kwenye geti la hospitali moja kule Mikumi. Jina lake silitaji, wao wenyewe wanajijua. Mke wangu Hildegarda alikuwa ndani, wamempasua uvimbe wa kizazi Jumanne yake. Mlinzi akapiga simu wodini, akaniambia nimwachie uji, nisihangaike, mgonjwa wangu yuko kijani.

"Kijani ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Kijani ni mzima, mzee. Wekundu ndio wenye shida. Kanywe chai, muda wa kuona wagonjwa bado."

Nikaenda kunywa chai. Ningefanya nini na geti limefungwa?

Sisi ni watu wa Chanzuru, huku Kilosa. Babu yangu aliletwa kukata mkonge, babu yake Hilda alikuja na reli, na wajukuu tukaishia kwenye jembe. Kilosa mjini ndiko walikotuambia mtaalamu wa uvimbe yuko Mikumi. Tukapanda gari, tukapita Kisanga vumbi mpaka kwenye meno, na tulipofika tukaambiwa wodi ya waliopasuliwa sasa ina akili mnemba. Mimi shule niliachia darasa la nne. Nikauliza hiyo akili ni ya nani. Wakacheka.

Matroni ndiye aliyenieleza kwa upole. Mgonjwa anafungwa kibangili mkononi, kinahesabu mapigo ya moyo. Pembeni ya kitanda kinasimamishwa kishikwambi, kinamsalimia mgonjwa na kumuuliza hali yake mara kwa mara, mchana na usiku. Kikishapata mapigo na jibu, kinampa rangi. Nesi anaziona rangi zote kwenye simu yake na anakimbilia nyekundu kwanza. Kwa hiyo, akasema, ndugu hawalali tena wodini, na manesi wengi hawahitajiki. Aliposema hilo la manesi alitazama chini.

Mama yangu alipopasuliwa ngiri, miaka ile, nilimuuguza mwenyewe. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, akigeuka najua, akiguna najua. Wakubwa wakaona sisi wa kwenye mikeka ni uchafu. Wakaleta mashine, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakarudi kwenye viyoyozi vyao.

Jumatano waliniruhusu nimwone. Nilimkuta kashika tumbo, anajizuia kucheka.

"Baba Devota, kaa hapo umsikie mjukuu wako," akasema.

Hazikupita dakika nyingi kishikwambi kikawaka, kikaongea kwa sauti ya binti: "Shikamoo mama. Unajisikiaje sasa?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri tu, namshukuru Mungu."

Kikamshukuru, kikazimika. Hilda akaendelea kukiambia kioo cheusi kwamba ila mgongo unamuuma kwa kulala chali na mto wenyewe ni mgumu kama gunia la mahindi. Nikamwambia mwenzio kashaondoka.

"Kana adabu kuliko wanao," akasema, "ila kana haraka kama wewe."

Tulicheka. Jumatano ile lilikuwa jambo la kucheka.

Mtu aliyekulia huku hahitaji kufundishwa hili. Mto Mkondoa ulipofurika ukaingia ndani kwetu, jirani alipita akatuuliza habari za asubuhi. Hilda, maji yako magotini, akamjibu: "Nzuri, ila maji yamebeba kuku." Hakuwa anadanganya. Huwezi kumtwisha mtu mzigo hata hajasimama vizuri. Kwanza unampa nzuri, apumue, halafu ndiyo unamwambia. Nesi yeyote wa huku akiambiwa nzuri haondoki. Anatengeneza shuka, anaangalia dripu, anasubiri, maana anajua maneno yenyewe yako nyuma.

Alhamisi mchana wakanitafuta kibandani kwenye chai. Nesi aliyekuwa zamu, Yusrah, ndiye aliyenipokea, na nilipomwona macho yake nikajua. Damu ilikuwa imevujia ndani ya tumbo. Mapigo yalipanda, aliniambia, lakini si sana, na ile akili ikayapima pamoja na jibu la mgonjwa mwenyewe, ikaona huyu ni mtu aliyejigeuza kitandani tu. Ikamwacha kijani. Yusrah alikuwa peke yake na wodi mbili.

"Baba, nilikuwa kwa wekundu," alisema. "Nilipofika kwake nilikuwa nampelekea uji wako."

Yusrah simlaumu. Yule binti alilia kama kafiwa yeye. Nawalaumu waliompunguzia wenzake wakampa rangi.

Tulimzika Chanzuru. Devota, binti yetu, alikaa mpaka matanga yakaisha, akarudi kazini Morogoro, ana watoto wake na mwajiri asiyejua msiba. Mpunga nikavuna na vibarua. Jioni nasonga ugali, mkono haujui kupima wa mtu mmoja, unaobaki nawapa kuku. Upande wake wa kitanda nimeweka magunia, maana palipokuwa wazi palinishinda. Asubuhi vijana wanapita na bodaboda, "Shikamoo babu, habari?" Nawajibu marahaba, nzuri. Ninapofungua mdomo niendelee, pikipiki iko darajani.

Nikarudi Mikumi. Devota alinikataza, akaniuliza natafuta nini kwa watu wale. Sikutafuta fidia. Nilitaka kitu kimoja tu. Kama ile mashine ilimuuliza mke wangu hali yake asubuhi ile, basi ilimsikia, na mimi nilitaka nisikie alichosema. Sikuwepo. Hakuna wa kwetu aliyekuwepo. Ilikuwepo yenyewe.

Mganga mfawidhi ni kijana mdogo, safi, ana adabu. Aliniamkia, akanipa kiti, akanipa pole, akasema mfumo umeshaboreshwa. Nikamwambia nataka sauti ya mke wangu.

Akasema sauti za wagonjwa hazitunzwi, ni kwa ajili ya kulinda siri zao. Inabaki rangi. Akanigeuzia kioo nione, na kweli, kilikuwa na mstari wa kijani tupu, kama shamba. Na hata hivyo, akasema, kifaa kikishapata jibu kinaacha kusikiliza.

Nikamuuliza nani aliamua kiishie hapo. Akasema wataalamu. Nikamuuliza wataalamu wa wapi, akaanza kupanga kalamu zake.

"Daktari," nikamwambia, "mama yako akikupigia, ukamuuliza hali, akakwambia nzuri, wewe unakata simu?"

Akasema maoni yangu atayafikisha juu. Juu ni wapi sijui. Nimekuwa nikiambiwa habari za huko juu tangu nazaliwa, sijaona aliyeshuka kutoka huko kuja kujibu.

Pale getini Yusrah alinifuata, akaninong'oneza kwamba kitanda cha jirani na Hilda alilala mama mmoja anaitwa Happyness, anakaa Ruaha, kwenye mashamba ya miwa. Sikurudi nyumbani. Nikapanda gari la Ruaha.

Nilimkuta nje kwake anapepeta mchele, bado anainama kwa tahadhari ya mtu aliyeshonwa. Nilipojitambulisha aliweka ungo chini, akanishika mikono miwili. Halafu akanisimulia. Asubuhi ile walikuwa wamemchoma sindano ya maumivu, kichwa kizito. Alisikia kishikwambi kikimwamkia mwenzake. Alimsikia Mama Devota akiitikia, akisema nzuri tu mwanangu. Kikashukuru.

"Halafu akasema ila," Happyness akaniambia. "Akaongea, baba. Akaongea kirefu, kwa sauti ya chini, kama mama anayemwelekeza mtoto wake. Nikajua nesi kasimama pale. Nikageukia ukutani, nisisikilize mambo ya mtu."

"Hukushika hata neno?"

Akatikisa kichwa, akaanza kulia, ikabidi mimi niliyefiwa ndiye nimbembeleze.

Nimemuuliza Devota kwa simu, anasema baba pumzika. Nimemuuliza padri, anasema Mungu alisikia. Sawa, Mungu alisikia, ila mimi sijaambiwa. Alipofika kwenye ila, na pale kitandani hakuna mtu ila kioo kilichozimika, mke wangu alisema nini?